Maswali ya Waandishi: Mganga Anapoingia Kasrini

Swali: Ndugu mhariri, salaam. Naandika riwaya ya kifalme. Binti wa mpishi ana kipaji cha kuponya kwa kuweka mkono. Sura ya tano mfalme anatiliwa sumu, sura ya sita binti anamponya. Waliosoma mswada wanasema hawakuingiwa na wasiwasi hata kidogo. Nirekebishe wapi? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Wasomaji wako wameshajua kwamba mkono ule hauna mpaka. Sumu yoyote utakayomimina kikombeni wanajua itatoka tu, kwa hiyo kuiongeza ukali hakutakusaidia. Chukua karatasi moja ujibu: uganga huu unachukua nini, na kwa nani? Unahitaji muda gani? Unashindwa na nini? Unaacha alama gani mwilini?

Tuseme mkono wake unayahamisha maradhi badala ya kuyaondoa. Sumu aliyoitoa kwa mfalme inamlaza yeye siku tatu hajitambui. Hizo siku tatu ndizo utamu wa riwaya yako: aliyetia sumu anajua mfalme hana kinga, mtumishi aliyeona kikombe anasakwa, na mama wa mfalme lazima aamue nani aruhusiwe kuingia chumbani. Lakini bei hiyo msomaji aione mapema, kwenye jambo dogo. Sura ya pili, mdogo wake binti amwagikiwe mafuta ya moto mkononi. Binti amshike, ngozi ya mtoto itulie, na papo hapo malengelenge yachomoze kwenye kiganja chake yeye, yapasuke, ashindwe kushika sindano wiki nzima. Ikifika sura ya tano, msomaji atapiga hesabu mwenyewe kabla binti hajanyoosha mkono.

Kosa linaloharibu miswada mingi ni bei ya uchovu. Mganga anaponya, anazimia, analala, asubuhi yuko mzima. Bei inayofutwa na usingizi haijalipwa. Uganga uchukue kitu anachokihitaji kwa kazi yake au kwa mapenzi yake: macho ya mshonaji, kumbukumbu ya karani. Na ukishaiweka bei, usiipunguze sura ya mwisho ili kumwokoa mchumba wake. Msomaji ataona ulikuwa unamhadaa tangu mwanzo.

Swali: Sielewi kwa nini watu wa kasri wampige vita mtu anayemponya mfalme wao. Si wangemshukuru? Fitina yangu inaonekana ya kulazimisha. *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Kasrini, anayeponya ana madaraka, apende asipende. Kwa karne nyingi Uingereza na Ufaransa ziliamini kwamba mfalme halali humponya kwa kumgusa mtu mwenye matezi ya shingo yanayovimba na kutunga usaha, maradhi ambayo leo tunajua mara nyingi ni kifua kikuu cha matezi. Uvimbe huo hupanda na kushuka wenyewe, kwa hiyo wengi walipata nafuu baada ya kuguswa, na sifa zikaenda kwa mfalme. Charles II wa Uingereza aligusa watu zaidi ya 90,000.

Utazame utaratibu wenyewe. Mgonjwa alitakiwa aje na barua ya kasisi wa parokia yake kuthibitisha kwamba hajawahi kuguswa, kisha akaguliwe na mpasuaji wa mfalme, ndipo apite. Kila aliyeguswa alivishwa shingoni sarafu ya dhahabu iliyotobolewa na kutungwa kwenye utepe mweupe, na wapo waliorudi kwa ajili ya dhahabu tu. Ndiyo maana barua zilidaiwa. Kasisi wa barua, mpasuaji, mtunza sarafu: yeyote kati yao anaweza kuhongwa, nawe tayari una wahusika watatu.

Mwaka 1680, Duke wa Monmouth, mwana wa Charles II aliyezaliwa nje ya ndoa, naye akawa anagusa wagonjwa. Kwa tendo hilo alikuwa anadai kiti bila kukitaja. Mwaka 1685 aliasi, akashindwa, akakatwa kichwa. Ilete hoja hiyo kwenye riwaya yako: kipaji kikiwa alama ya damu ya kifalme, basi msichana wa kawaida akimponya kiwete sokoni amefanya uhaini bila kujua. Hapo waziri ana sababu ya kweli ya kumwogopa.

Mlango wa pili wa fitina ni siri. Alexei, mrithi wa Nicholas II wa Urusi, alizaliwa 1904 akiwa na himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. Familia ikauficha. Watu wakamwona Rasputin, mtu wa dini aliyeaminiwa na malkia kwamba anamtuliza mtoto, akiingia na kutoka kwa malkia, sababu hawaijui, wakajitungia zao. Uvumi ukamchafua malkia, na Desemba 1916 Rasputin akauawa na kundi lililokuwa na watu wa ukoo wa kifalme. Chora jedwali: wahusika upande mmoja, sura upande wa pili, na kila chumba uandike mhusika anajua nini kuhusu ugonjwa hadi sura hiyo. Fitina ikidorora, litazame. Mara nyingi utakuta wote wameshajua jambo lilelile.

Swali: Shujaa wangu amekingwa, chuma hakimwingii. Siri ya kumuua niifiche mpaka mwisho? *Msomaji, Bujumbura*

Jibu: Mfiche adui, msomaji mwambie. Fumo Liyongo wetu wa pwani alidhurika kwa sindano ya shaba kitovuni tu, na msikilizaji anaijua siri hiyo kabla ya pigo. Kinachomkaba koo ni kumwona mwana, aliyeahidiwa uwaziri na binti wa sultani, akimuuliza baba yake siri hiyo, na baba akimjibu huku ameshamshuku. Andika mazungumzo hayo polepole kuliko mauaji. Kijisehemu cha gereza nacho kisome kwa makini: mama anatuma mkate mzuri pamoja na wa wishwa uliofichwa tupa, walinzi wanakula ule mzuri na kumwachia mfungwa wa wishwa, kisha minyororo inakatwa wakati kishindo cha ngoma ya gungu kinafunika mlio. Walinzi wameponzwa na ulafi wao. Mpe kila mlinzi wa kasri lako tamaa moja ya namna hiyo, na uionyeshe angalau mara moja kabla haijamponza.