Kutu, grisi na wapagazi: ninavyofundisha sayansi kwa historia ya vita

Mwalimu mwenzangu, kama darasa lako linasinzia kila ukifika kwenye mada ya kutu, lipe meli ya vita lichunguze.

Nafundisha kemia na fizikia mkoani Kigoma, na meli yenyewe tunayo. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer kule Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya Graf von Goetzen, kikaifungua vipande vipande na kuipanga kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yalikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati hadi Kigoma, na mwaka 1915 meli ikaunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika. Haikudumu hata miaka miwili. Julai 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, adui walikuwa wanakaribia, na Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe kuliko kuiacha itekwe. Mafundi waliokabidhiwa kazi hiyo ndio waliokuja nayo kutoka kiwandani. Walizipaka injini grisi nzito kila mahali, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaiacha ishuke chini ya maji, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Mwaka 1924 Waingereza waliipandisha juu. Injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba, na injini zile zile za mvuke zilisukuma meli hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa na za dizeli.

Nikishasimulia hayo sifungui kitabu. Nauliza tu: chuma kilikaa majini miaka minane, kwa nini hakikuliwa? Hapo darasa linaanza kubishana, na mimi nanyamaza. Mmoja atasema ni kwa sababu grisi ni nene. Mwingine atasema maji hayapiti kwenye mafuta. Akitokea wa kusema kuwa hata hewa haipiti, tumeshafika kwenye kiini cha mada: kutu inahitaji maji na oksijeni kwa pamoja, ukiondoa kimoja imesimama.

Baada ya hapo ndipo misumari inatoka. Kila mwalimu wa kemia analijua jaribio hili: msumari mmoja kwenye maji ya bomba, mwingine kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa na mafuta, mwingine kwenye chupa kavu kabisa. Mimi naongeza miwili. Wa nne unapakwa grisi kabla ya kutiwa majini, na wa tano unatiwa kwenye maji ya chumvi. Huo wa tano ndio unaozaa maswali zaidi, kwa sababu Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, na mwanafunzi makini atajiuliza ingekuwaje kama Goetzen ingezamishwa Bahari ya Hindi. Baada ya wiki moja anaangalia misumari na kujijibu mwenyewe. Tofauti yake na darasa la kawaida ni kwamba sasa ana sababu ya kutaka kujua. Misumari peke yake haimpi sababu hiyo.

Meli ile ile inanifikisha kwenye kanuni ya Archimedes, ile ya kuelea na kuzama. Nawapa tatizo kama lilivyokuwa: chuma kimelala chini, tumbo limejaa mchanga, mnataka kukipandisha. Mfanye nini kwanza? Wanagundua haraka kwamba mchanga utoke. Halafu tunapiga hesabu ya mapipa matupu ya kuifunga meli ili yaiinue: pipa tupu la lita 200 lililozibwa vizuri, lenye uzito wa kilo 20, likizamishwa lote linasukuma maji ya kilo 200, kwa hiyo linaweza kuinua kilo 180. Meli ya tani mia kadhaa itahitaji mapipa mangapi? Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi. Kwa kuelea na kuzama wana uzoefu kuliko mimi. Kinachowapungukia ni hesabu tu.

Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: anza na tatizo ambalo watu wa vita vile walikuwa nalo, usianze na silaha. Silaha inawavuta vijana kwa dakika tano, kisha wanataka kujua ipi ina nguvu kuliko ipi, na somo limekufa. Tatizo linawalazimisha kufikiri. Injini itapona vipi? Chakula kitafika vipi? Maji yatanyweka vipi? Sehemu kubwa ya vita ni maswali ya namna hiyo, na majibu yake yapo ndani ya mtaala wetu.

Chukua suala la wapagazi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa Afrika Mashariki, majeshi ya pande zote yalijaribu kutumia farasi, nyumbu na ng'ombe kubeba mizigo. Wanyama wakafa kwa wingi. Hapa mwalimu wa baiolojia anaingia na mbung'o, na vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo, vinavyoishi kwenye damu. Mnyama akishindwa, nani abebe? Akabeba binadamu. Waafrika kwa mamia ya maelfu walichukuliwa, wengi wao kwa nguvu, wakawa wapagazi, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam inawataja kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Sasa wape wanafunzi hesabu. Tuseme mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga, na kila siku anakula kilo moja. Akitembea siku 25 amekula mzigo wote, na jeshi halijapata hata punje. Ukitaka arudi salama, safari yake ya kwenda haiwezi kuzidi siku 12, na hata hapo anakabidhi kilo moja tu. Akienda siku tano na kurudi siku tano, anakabidhi kilo 15 tu. Basi kulisha kambi ya askari 1,000 iliyo mbali kwa siku tano kunahitaji wapagazi wangapi kwa mwezi? Wakimaliza kupiga hesabu hiyo, darasa huwa kimya, maana namba imewaonyesha kwa nini vijiji vizima viliachwa bila wanaume na mashamba yakakosa wa kuyalima.

Ukiwa na muda, endelea hadi kwenye nishati. Kilo moja ya unga wa mahindi ina takriban megajuli 15. Mtu mzima anayetembea kutwa na mzigo kichwani anaweza kuzimaliza zote. Kwa hiyo posho ikipungua kidogo tu, mwili unaanza kujila. Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hulielewa upesi kwa sababu wanapika nyumbani: wapagazi wengi walitoka kwenye jamii zisizokula unga wa mahindi, wakapewa unga uliokobolewa vibaya, wakafika kambini jioni wamechoka, kuni haba, wakala ukiwa haujaiva. Kuhara kuliua wengi, pamoja na malaria. Risasi iliua wachache kulinganisha na magonjwa. Hapo unafundisha mmeng'enyo wa chakula, uchafuzi wa maji na upungufu wa vitamini, na kila mada inabeba watu halisi waliokufa.

Mkoa wangu unanifundisha kuwa mwangalifu zaidi. Darasani kwangu wapo watoto ambao familia zao zilikimbia vita Burundi na Kongo. Kwao vita si hadithi ya babu. Kwa hiyo nina masharti ambayo siyavunji. Hakuna kushangilia upande wowote. Hakuna picha za maiti. Sifundishi namna ya kutengeneza baruti wala kitu chochote kinacholipuka, hata mwanafunzi akiomba kwa nia njema. Nitamweleza kwa nini mmenyuko unatoa joto na gesi nyingi kwa ghafla, basi, vipimo havimo. Na simuulizi mtoto yeyote mbele ya wenzake familia yake ilipitia nini. Akitaka kusema mwenyewe, namsikiliza, na kipindi kinaweza kusubiri.

Uangalifu huo haumaanishi kukwepa mabaya. Mada ya klorini naifundisha kwa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, Wajerumani walipofungulia gesi hiyo upepo uielekeze kwenye mahandaki ya adui. Nawauliza: kwa nini ilishuka mahandakini badala ya kupaa? Molekuli ya klorini ina uzito wa 71, hewa kwa wastani ni 29. Gawanya, upate karibu mara mbili na nusu. Ilishuka pale pale askari walipojificha. Mkemia aliyesimamia jambo hilo alikuwa Fritz Haber, yule yule aliyegundua namna ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kupata amonia. Kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Amonia ile iliiwezesha Ujerumani kutengeneza vilipuzi hata baada ya kuzuiwa kupata chumvi ya Chile, madini yenye naitrojeni, na amonia hiyo hiyo ndiyo mama wa mbolea ya urea ambayo wazazi wa wanafunzi wangu wananunua kila msimu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 alipewa yeye, kwa amonia.

Siwaambii wamhukumu vipi. Ila siachi klorini ibaki Ypres. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walirundikana kijijini Kagunga, ufukweni mwa ziwa letu, na kipindupindu kikalipuka. Klorini, kwa kiwango kidogo kinachopimwa kwa uangalifu, ndiyo inayoua vijidudu kwenye maji katika milipuko kama ile. Na meli iliyowatoa wakimbizi Kagunga kuwaleta Kigoma mjini ilikuwa Liemba, ile ile iliyopakwa grisi mwaka 1916. Wapo wanafunzi wanaolijua hilo kwa sababu walipanda. Ninapofika hapo naacha darasa liongee lenyewe, na nimesikia hoja nzito kutoka kwa watoto wa kidato cha tatu kuhusu nani anawajibika kwa matumizi ya elimu kuliko nilizowahi kuzisikia kwenye semina za walimu.

Ushauri wangu mwingine ni wa kazi. Mtafute mwalimu wa historia mapema, kabla hamjaandaa azimio la kazi la muhula, mpange mada zikutane wiki moja. Yeye ana miaka na ramani, wewe una mizani na maabara. Wala usihofu kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za Liemba. Hadithi ipewe robo ya kwanza ya kipindi, dakika za mwisho zirudi kwenye maswali ya mitihani iliyopita kwa lugha ya mtihani. Mwanafunzi aliyeelewa kwa Kiswahili kwa nini grisi iliokoa injini hasumbuki sana kuliandika jibu hilo kwa Kiingereza.

Tena usiazime vita vyangu kama uko mbali na ziwa. Vya kwenu vipo. Uko Tanga? Novemba 1914 nyuki walivamia askari katikati ya mapigano. Nyuki akichoma huachia kemikali ya kuwaita wenzake, na sehemu yake kubwa ni esta, aina ya kemikali ya kaboni, inayonukia kama ndizi mbivu. Una baiolojia na kemia ya kaboni kwenye kipindi kimoja. Uko karibu na Amani, milimani Usambara? Huko Wajerumani walikatiwa dawa kutoka Ulaya, wakatengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na magamba ya mti wa sinkona. Somo la kutenganisha michanganyiko limejileta. Uko Mombasa? Pale Fort Jesus kuna mzinga wa meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina kidogo cha maji, ikabidi ziletwe Severn na Mersey, vyombo vyenye tumbo lisilozama hata mita mbili. Wapeleke wanafunzi na futi ya kupimia na daftari. Wapime kipenyo cha mdomo wa mzinga, wakadirie ujazo wa chuma chake, watafute uzito kwa densiti ya chuma, kisha wahesabu ni watu wangapi walihitajika kuuvuta kutoka Rufiji, kwa sababu mizinga ya meli ile iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kukokotwa nchi kavu.