Rock ya wasanii huru, masikioni ndani ya matatu

Ndugu yangu, umeuliza utafuataje habari za rock ya wasanii huru ukiwa safarini Rongai hadi mjini, bila kumaliza bando. Jibu ni podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni: pakua usiku penye Wi-Fi, usisikilize moja kwa moja barabarani.

Anza na Song Exploder, podikasti ya tangu 2014. Mwanamuziki huufumua wimbo wake kipande kwa kipande: ngoma peke yake, gitaa, kisha sauti. Vipindi vingi havifiki nusu saa, kwa hivyo foleni ya Lang'ata inakutosha viwili, na siku ya mvua hata vinne. Podikasti nyingine, Sound Opinions ya Chicago, ni wahakiki wawili wa muziki wanaobishana. Mimi huipenda hasa wasipokubaliana.

Kwa habari za kusoma, tovuti ya uhakiki wa muziki ya Pitchfork bado ipo, ingawa 2024 iliwekwa chini ya GQ, jarida la wanaume, na mimi siitegemei tena kama zamani. Afadhali ufuate bendi zenyewe kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao wenyewe. Albamu mpya ikitoka unapata barua pepe.

Na usiishie ng'ambo tu. Wasikilize Crystal Axis, bendi ya punk ya hapa hapa Nairobi, halafu Duma, nao wa Nairobi, ila hao wa kelele kali punguza sauti kwanza.