Muulize Fundi: Kitafuliwaje?

Barua za mwezi huu zimenishinda wingi, nimechagua tano. Wanaonijua pale barazani kwangu Chikongola, Mtwara mjini, wanajua kwamba mteja hajamaliza kusema anataka nini mimi nimeshamuuliza: kitafuliwaje? Wengine hukasirika. Basi na leo mtavumilia.

*Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni kijana wa Mikindani, nimefundishwa cherehani na mjomba. Kuna duka la vitu vya mikono linalouzia wageni. Mwenye duka anataka nimpelekee mabegi ya gunia la korosho yenye kitenge, yeye auze na achukue thelathini katika kila mia. Nianzeje, na bei niweke ngapi?*

Marahaba mwanangu. Tuanze na gunia, maana hapo ndipo vijana wengi mnapochemka. Usichukue gunia lililokwisha kubeba korosho ghafi, hata ukipewa bure. Korosho zikipasuka ndani zinaacha mafuta ya ganda, na mama yeyote aliyewahi kubangua korosho atakuonyesha vidole vyake uone mafuta yale yanavyobabua. Yakishaingia kwenye nyuzi za gunia hayatoki kwa sabuni ya mche wala ya unga, na mgeni wako atalitundika begi hilo begani akiwa amevaa fulana isiyo na mikono. Nunua gunia jipya. Lifumue mshono, liloweke usiku kucha, lianike, kisha lipige pasi likiwa na unyevunyevu. Litasinyaa. Afadhali lisinyae kwenye kamba yako kuliko nyumbani kwa mnunuzi. Kitenge nacho ukifanye hivyohivyo, hata muuzaji akikuapia kwamba hakisinyai.

Gunia likikatwa linafumuka hapo hapo. Kwa hiyo chora kwa chaki, kisha piga mishono miwili sambamba iliyoachana sentimita moja, mkasi upite katikati yake. Tumia sindano namba 16, au 18 pale kwenye mikunjo minene, na refusha mshono ufike milimita 4. Mshono mfupi unalikata gunia kama tundu za stempu. Mikanda ikate kwenye kitenge, upana sentimita 10, urefu 65. Ikunje mara nne ibaki sentimita 2 na nusu, piga mshono pande zote mbili. Pale mkanda unaposhikana na begi shona mraba wenye msalaba ndani. Bitana ni lazima. Begi la gunia lisilo na bitana linamwaga vumbi kwenye simu ya mtu na mimi silihesabu kuwa begi.

Lakini usijaze duka mabegi matupu. Mgeni anayeshuka Mikindani kuangalia nyumba za kale na lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895 ana sanduku ambalo tayari limejaa. Anatafuta kitu cha kuingia pembeni. Mshonee kipochi cha zipu cha sentimita 20 kwa 14, mfuko wa miwani, kava la daftari. Mshonee pia vishika chungu kwa masalio ya kitenge, ndani uweke tabaka mbili za blanketi la pamba la mitumba. Usiweke sponji wala kitambaa cha nailoni, kwa sababu vinayeyuka kwenye sufuria ya moto na utamuunguza mtu. Vitu hivi vidogo ndivyo vitakavyokulipa nauli ukisubiri begi kubwa linunuliwe.

Sasa bei. Tuseme vifaa vya begi moja vimekula shilingi 6,000, na umelishona saa mbili ambazo unazithamini 2,500 kila moja. Jumla 11,000. Wengi huchukua 11,000, wakaongeza asilimia 30, wakaandika 14,300, wakaona wamemaliza. Mwenye duka hakati kwenye 11,000 yako, anakata kwenye bei ya kuuzia. Asilimia 30 ya 14,300 ni 4,290, unabaki na 10,010, yaani umemlipa yeye kutoka kwenye jasho lako. Hesabu sahihi ni kugawa: 11,000 gawanya kwa 0.7, inakuja 15,714. Andika 16,000. Duka litachukua 4,800, wewe 11,200. Na kwa kuwa hiyo ni mali kauli, kila unapopeleka mzigo andikeni daftari mbili, moja yako moja yake, idadi na sahihi. Hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Ndani ya kila begi shonea kipande kidogo cha utepe kilichoandikwa: fua kwa mkono, maji baridi.

*Bi Fundi, hujambo? Niko Newala. Dada ameniletea kiroba cha masweta ya mitumba, baadhi mazuri sana rangi zake. Nataka niyafumue nifume vitambaa vya makochi. Mume wangu anasema napoteza muda bure.*

Sijambo, mama. Mumeo tumwache kwanza, ingawa robo ya maneno yake ni kweli.

Kabla ya kufumua, geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukikuta imepigwa ovaloki na ukingo umekatwa, liweke pembeni. Kila mstari wake ni kipande cha uzi kinachojitegemea, utaishia na rundo la vijiuzi vya shibiri mbili tatu. Unalolitaka ni lile ambalo pande mbili zimeunganishwa kwa mnyororo na kingo zenyewe ni nzima. Hilo ukifungua mnyororo, linatiririka kutoka juu mpaka chini.

Halafu ujue umeshika nini. Chukua kipande cha uzi kwa koleo, kiwashe juu ya sahani yenye maji. Kikinuka nywele zilizoungua na majivu yake yakasagika ukiyashika, hiyo ni sufu. Kikinuka karatasi, ni pamba. Kikijikunja na kuacha tone gumu jeusi kama kichwa cha pini, hiyo ni ya kiwandani. Zote zina kazi, ila hazifuliwi sawa. Sufu ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, inashikana inakuwa zulia, na hakuna dawa ya kuirudisha. Uzi wa kiwandani unafulika kirahisi, lakini pasi ya moto ikiugusa unalegea na kupoteza umbo.

Uzi uliofumuliwa unakuja umejikunjakunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyikane, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uning'inize ukauke na kitu chepesi kikiuvuta kwa chini. Ukiiruka hatua hii, kila utakachofuma kitakuwa na mawimbi.

Robo ya ukweli wa mumeo ni hii: vitambaa vya makochi havitaki sufu. Kitambaa cha kochi kinapokea mafuta ya nywele, jasho la shingo na mikono ya watoto waliotoka kula bibo, nawe unajua doa la bibo lilivyo sugu. Kinataka kufuliwa kila wiki na kupigwa pasi. Hicho fuma kwa kroshia na uzi wa pamba wa dukani. Sisi huku pwani sweta tunaliona kwenye picha, lakini nyie Newala mko juu ya uwanda, na Juni na Julai mnaamka na ukungu na baridi ya kweli. Soko lako ni watoto wachanga.

Kofia ya mtoto mchanga haina ufundi mkubwa. Fuma kwanza kipande cha majaribio, pima sentimita 10, hesabu vitanzi. Tuseme vimekuja 20. Kichwa cha kichanga ni kama sentimita 35 kuzunguka, hivyo ni vitanzi 70. Punguza ili kofia ishike, anza na 64. Fuma mbili za mbele, mbili za nyuma, mstari baada ya mstari, mpaka upate sentimita 16. Usifunge. Pitisha uzi kwenye vitanzi vyote kwa sindano ya mkono, kaza, fundo ndani, kisha shona ubavu. Usiweke kitufe wala utepe wa kufunga chini ya kidevu, mtoto mdogo anaweza kukabwa au kumeza. Sufu inayowasha ijaribu kwanza ndani ya kiwiko chako. Ikikuwasha wewe, mfumie baba yake soksi.

*Mambo Bi Fundi! Paka wangu hapa Lindi anakwangua makochi na analala kwenye mashuka ya wageni. Nataka nimshonee kitanda kwa vipande vya kitenge. Wenzangu wananicheka.*

Watacheka mpaka panya arudi. Shona.

Kata miduara miwili yenye upana wa sentimita 47, ukishona itabaki 45. Ukuta wake ni utepe wenye urefu wa sentimita 143 na upana 32, ukunje kwa urefu upate ukuta wa kama sentimita 15. Ujaze na uushone kuzunguka mduara wa chini. Wa juu uwe foronya ya kutoa na kuvaa. Hapo ndipo swali langu linapoingia: paka ana viroboto, na foronya isiyotoka haifuliki. Itoe kila wiki, maji ya moto, jua kali.

Kujaza, watu wa Lindi hamna haja ya kununua kitu. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, ni laini na haishiki maji haraka, ila inapeperuka na kuchokoza pua, kwa hiyo itie kwanza kwenye mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, ndipo uvalishe kitenge. Na iwe mbali na jiko, inashika moto upesi mno. Sufi usiifue. Ianike tu na kuipigapiga. Kama hutaki usumbufu wote huo, katakata fulana kuukuu.

Kuhusu makochi, kitanda hakitamwachisha. Paka anakwangua kwa sababu ananoa kucha na kujinyoosha. Tafuta gogo lililosimama imara, refu kuliko yeye akijinyoosha, lizungushie kamba ya katani kwa kubana, uliweke jirani na kochi lenyewe. Katani Lindi si kitu cha kuagiza.

Jambo moja silifanyii mzaha. Usimpe mpira wa uzi achezee. Picha za kalenda zimetudanganya. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea nyuma, uzi ukishaingia hawezi kuutema, na ukifika tumboni unakunjakunja utumbo. Ukiuona unaning'inia nyuma yake usiuvute, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na sindano yako yenye uzi usiiache kwenye mkono wa kochi.

*Bi Fundi, pole na kazi. Mama yetu alitutoka mwaka jana hapa Tandahimba, ameacha kanga zake. Dada yangu anataka tuzikate tushone foronya za mito ya sebuleni. Mdogo wetu anasema mkasi haugusi kanga ya mama. Utuamue.*

Poleni sana, wanangu. Siamui ugomvi wa msiba, ila kanga huja doti, pande mbili. Upande mmoja kateni, wa pili mpeni mdogo wenu aukunje aweke kabatini.

Kanga ya miaka mingi imeshamaliza kuchuja na kusinyaa, lakini imekonda. Ibebesheni mgongo wa popilini nyeupe, mzishike kwa bandi, ule mshono wa muda wa mkono, kabla ya kushona. Popilini mpya ndiyo ya kuloweka kwanza, vinginevyo baada ya kufua itavuta kanga na kuikunja. Msitumie bafta, ile ya kukatia sanda, kwa sababu mnayoijua wenyewe. Kwa mto wa sentimita 45, mbele kateni 47 kwa 47. Nyuma vipande viwili vya 47 kwa 32, kila kimoja kipindwe sentimita 2 upande mmoja, vipandane katikati. Zipu hamna haja nayo, na foronya itatoka kirahisi kwenda kufuliwa.

Na someni jina kabla ya kukata. Kama mama yenu alikuwa mtu wa mafumbo, fumbo alilomnunulia jirani lisije likakaa mgongoni mwa shehe aliyekuja kuwajulia hali. Jina la namna hiyo liwekeni nyuma ya mto, mtacheka wenyewe.

*Cherehani yangu ya kukanyaga inafunga viota vya uzi chini ya kitambaa. Nimekaza bobini mpaka mwisho. Kilwa Masoko.*

Irudishe bobini ilipokuwa. Kiota cha chini mara nyingi kinatokana na uzi wa juu. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, toa uzi wote wa juu, upitishe upya kuanzia mwanzo. Mguu ukiwa chini, visahani vya kubania vimefumba na uzi unakaa juu yake bila kubanwa. Kisha fungua chini utoe vumbi kwa brashi kavu, ubadilishe sindano, maana upepo wenu wa bahari unazila kwa kutu. Tia mafuta ya cherehani matone machache, mafuta ya nazi yaache jikoni yanaganda. Shona kwanza kwenye kitambaa kibovu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke. Nimeona gauni la harusi la satini likipata mstari mweusi kifuani kwa sababu hiyo, na satini ile haikufulika.