Mtoto ana mlio akivuta pumzi: tukate kimeo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana wiki tatu. Akivuta pumzi anatoa mlio mwembamba, na unazidi akilala chali au akinyonya. Homa hana, maziwa anayapenda. Bibi yake anasema ni kimeo, kikatwe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Kimeo msikate. Kila mtu anacho kooni, na mlio huo hautoki hapo. Kukikata kwa wembe huweza kuleta damu isiyokatika na maambukizi, pepopunda ikiwemo. Bibi mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Watoto wengi wa umri huo hukoroma kwa sababu ya pua tu. Wanapumulia puani, matundu ni membamba, kamasi kidogo inatosha kuleta kelele. Matone mawili ya maji ya chumvi ya duka la dawa kila tundu, kabla ya kunyonya, husaidia. Mafuta usimtie puani, hata ya nazi. Yakishuka mapafuni huleta nimonia.

Wako lakini ana mlio wa kuvuta hewa ndani, tena unaozidi akiwa chali. Hapo nashuku laringomalasia: nyama za juu ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni) bado laini, zinavutwa ndani kila anapovuta pumzi. Huanza wiki za mwanzo, mlio unaweza kuongezeka kwa miezi kadhaa, kisha kwa wengi huisha kati ya miezi 12 na 18 bila dawa. Akilala kifudifudi mlio utapungua, ila usimlaze hivyo usingizini, kwani huongeza hatari ya kifo cha ghafla. Alale chali. Akishanyonya, mbebe wima kwa muda.

Mpeleke kliniki wiki hii apimwe uzito. Asipoongezeka, au akipaliwa mara kwa mara, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Usisubiri kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo, ukiona kifua kinabonyea sana ndani, anaguna kila akitoa pumzi, midomo imegeuka bluu, ana joto la 37.5 au zaidi, au amegoma kunyonya. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: zikifika 60, rudia kuhesabu, zikibaki hapo, nenda. Kusita kupumua sekunde tano hadi kumi kisha kupumua haraka ni kawaida yao. Sekunde 20 si kawaida.

Mrekodi kwa simu ukiusikia mlio. Watoto hawa wakifika mbele yetu hunyamaza kimya.