Sponji mpya asiguse hewa, na tangi la karantini lisiguse shaba

Wafugaji wengi wa samaki wa maji chumvi hawabishani tena kuhusu karantini ya samaki. Lakini mtu huyohuyo akipata konokono, kamba au sponji (mnyama wa baharini anayeishi amejishikiza kwenye jiwe), humtumbukiza moja kwa moja kwenye tangi kubwa, eti viumbe hawa hawaugui magonjwa ya samaki. Ni kweli hawaugui, ila wanayabeba. Kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, kikishashiba kwenye ngozi ya samaki hujidondosha, hushika kitu kigumu na kujifungia ndani ya kijifuko. Gamba la konokono ni kitu kigumu. Jiwe alilootea sponji nalo ni vivyo hivyo. Kijifuko kikija kupasuka ndani ya tangi lako, hutoka vimelea wachanga wengi wakisaka samaki, na samaki wamejaa tele.

Wachanga hao wasipompata samaki ndani ya siku moja au mbili, wanakufa. Karantini yote ya wanyama wasio na uti wa mgongo imesimama juu ya jambo hilo moja. Hakuna dawa ya kutia. Unachohitaji ni tangi lisilo na samaki hata mmoja, pamoja na muda. Wafugaji wengi huhesabu siku 76. Wanaoweza kushikilia joto la nyuzi 27 bila kuyumba hupunguza hadi 45. Mimi nafuata ile ndefu, maana tangi dogo hupoa na kupata joto upesi, na sikeshi nikilinda kipimajoto.

Tangi lenyewe lisiwe lile ulilotibia samaki. Shaba, ambayo ndiyo dawa kuu ya vimelea vya samaki, hufyonzwa na mawe na mchanga, kisha hurudi majini kidogo kidogo. Kiasi anachokivumilia samaki kinatosha kabisa kuua kamba au konokono. Kwa hiyo nyavu, mipira ya kunyonyea maji na ndoo za upande wa dawa zibaki upande huo huo. Zangu nimezifunga utepe mwekundu kwenye mipini, na mtu yeyote nyumbani akishika chenye utepe anajua hakiingii huku.

Sasa tuje kwa sponji, kwa kuwa ndiye anayewashinda wengi. Mwili wake ni mifereji mitupu. Maji huingia kwa vitundu vidogo visivyoonekana, hupita ndani na kutokea kwenye tundu kubwa juu, na kwa siku moja anaweza kupitisha maji mara maelfu ya ujazo wa mwili wake. Ukimwinua juu ya maji, mifereji inamwagika na hewa inaingia. Ukimrudisha, hewa haitoki. Sehemu iliyoziba haipati maji, inakufa, na uozo unasambaa kwa jirani. Wapo sponji wa ukanda wa kupwa na kujaa wanaostahimili, lakini usikisie. Mchukulie kila sponji kuwa hawezi. Hata kabla ya kununua, muulize muuzaji anavyomtoa tangini. Akimshika na kumnyanyua mkavu mbele yako, achana naye.

Utaratibu wangu ni huu. Mfuko unaelea kwanza ili joto lilingane, kisha naufungua ndani ya ndoo na kupima chumvi ya maji aliyokuja nayo. Hapa mashauri mengi yanasema umdondoshee maji ya tangi tone kwa tone kwa saa kadhaa. Kwa mnyama aliyetoka karibu ni sawa. Kwa aliyesafiri siku nzima ni hatari: kaboni dayoksaidi aliyoitoa imeshusha pH (kipimo cha tindikali, kikishuka tindikali imezidi) ya maji ya mfuko, na tindikali hiyo ndiyo imeifanya amonia, taka anayoitoa mnyama, isiwe kali. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia inageuka sumu huku wewe unahesabu matone. Kwa upande mwingine, kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, hawezi kusawazisha chumvi ya mwili wake, na mabadiliko ya ghafla yanamwua. Njia inayotatua yote mawili ni kuifanya chumvi ya tangi la karantini ifanane na ya mfuko, umhamishe mapema, halafu upandishe pole pole kwa siku kadhaa hadi kwenye 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matamu) au kiwango unachotumia.

Kumhamisha sponji, nazamisha bakuli ndani ya ndoo, namsukuma aingie kwa kushika jiwe lake, kisha nabeba bakuli likiwa limejaa hadi ukingoni na kulizamisha lote tangini kabla ya kuliinamisha. Vaa glavu. Sponji wengi wana vijiti vya silika mithili ya vipande vya kioo, na wengine, kama Tedania ignis, huwasha ngozi vibaya.

Halafu viputo. Kichujio cha karantini cha kawaida huendeshwa kwa pampu ya hewa, na hicho kinamfaa karibu kila mnyama isipokuwa huyu. Viputo vidogo vinanasa kwenye vitundu vyake na kuleta balaa ileile ya kuinuliwa. Tumia pampu ndogo ya kusukuma maji.

Kosa la tangi la karantini kwa sponji ni usafi. Anakula bakteria na chembe ndogo sana, na tangi tupu lenye maji maangavu linamfisha njaa kimya kimya. Anasinyaa wiki baada ya wiki akiwa bado na rangi nzuri. Weka mawe yaliyokomaa, yaani yaliyokwisha kuota bakteria, mlishe mwani mdogo wa kimiminika kidogo kidogo kila siku, na upime amonia mara kwa mara. Kama huwezi kulitunza tangi hilo kwa miezi miwili na zaidi, ushauri wangu ni kutomnunua sponji kabisa. Taa iwe hafifu kwa wale wasiotegemea mwanga, maana mwani ukimwota juu unamziba.

Usiku, tangi likiwa giza, piga tochi chini kwenye shina. Hapo ndipo anemoni wa aiptasia, mnyama msumbufu mwenye minyiri, hujificha, na hapo pia utamkuta konokono uchi (asiye na gamba) mwenye rangi sawasawa na sponji, aliyetulia kana kwamba ni sehemu ya mwili wake. Huyo anamla, mtoe kwa kibano. Vikono vyembamba vya viumbe wadogo vinavyochungulia kutoka kwenye mifereji kwa kawaida havina ubaya. Na usimchovye sponji kwenye dawa ya iodini kwa kuwa tu matumbawe huchovywa.

Ukiona utando mweupe au wa kijivu, mkate palepale chini ya maji kwa wembe, ukiingia kidogo kwenye nyama iliyo hai, na utoe kipande chote. Badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo.

Wengine hawana makuu. Kamba akiacha ganda tupu, usiomboleze, amejivua tu. Konokono mweke akiwa amesimama wima, maana wengine wakipinduka hawawezi kujigeuza. Jongoo bahari mlinde na mdomo wa pampu, kwa sababu akijeruhiwa hutoa sumu.

Na hesabu ya siku ni ya tangi zima. Ukiongeza konokono mmoja siku ya 60, wote wanaanza upya.