Kiingereza kiwe lugha rasmi? Jibu kwa ndugu wa Tanga

Swali linalokuja kutoka Ngamiani, Chumbageni mpaka Muheza ni lile lile: nyinyi mlio Uingereza, hamuoni afadhali nchi ikifanye Kiingereza kuwa lugha rasmi peke yake, Kiswahili kibaki cha baraza na taarab, ili vijana wapokewe huko bila kuhangaika? Jibu langu ni hapana. Uzalendo tuuweke kando kwanza, tuanze na karatasi za uhamiaji.

Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi cheti cha Kiingereza wanapoomba viza ya kazi. Zimo Jamaica, Barbados, Guyana, Malta, Marekani na Australia. Ya Afrika hakuna hata moja. Nigeria, Zambia, Uganda na Kenya zimeendesha serikali zao kwa Kiingereza tangu uhuru, na watu wao wanakaa chumba kimoja cha mtihani na mtoto wa Tanga. Orodha inatazama nchi ambako walio wengi wanakisema, kwa hiyo Dodoma itangaze itakavyotangaza, sisi tutabaki nje. Tena England yenyewe haina sheria iliyokitangaza Kiingereza kuwa rasmi. Wales ndiko Kiwelshi kilikopewa hadhi hiyo kwa sheria ya 2011. Marekani nayo ilikaa bila lugha rasmi ya taifa zima mpaka Machi 2025, Rais Trump alipotia saini amri yake. Wenye Kiingereza chao hawakuwa na haraka.

Kinachopimwa ni mtu mmoja mmoja. Viza ya kazi ya ujuzi ilikuwa inataka kiwango cha B1, yaani ngazi ya kati katika kipimo cha lugha cha Ulaya, na kuanzia Januari 2026 ni B2, ngazi moja juu yake. Kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa wenye alama mpaka 9, hiyo ni 5.5 katika kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu, narudia, maana 7 ya kuzungumza haifidii 5 ya kuandika. Na uwe ule unaoitwa IELTS for UKVI, yaani ule unaokubaliwa na idara ya viza ya Uingereza. Anayelipia ule wa kawaida kwa ajili ya viza hii amepoteza pesa, hata akipata alama nzuri namna gani. Cheti kinaishi miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kufanya kabla hujajua unaomba kazi gani. Muuguzi anapandishiwa zaidi: baraza la wauguzi la huku linataka 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika.

Kwenye kusikiliza kuna maswali 40 na sauti inachezwa mara moja tu. Ukiambiwa maneno yasiyozidi mawili ukaandika matatu, umekosa, hata kama ulisikia sawasawa. Tahajia nayo inahesabiwa. Ila watu wetu wanaanguka zaidi kwenye kuandika. Dakika 60, kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili. Mtu anaipamba ya kwanza nusu saa nzima, kisha ya pili anaikata katikati. Sekondari ilimzoesha kunakili notisi na kukariri. Kujenga hoja yake mwenyewe kwa Kiingereza hakuombwa.

Mwenye digrii ana njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Vyuo vikuu vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na taasisi ya Ecctis ya huku ikithibitisha kwamba digrii yako inalingana na ya Uingereza na ilifundishwa kwa Kiingereza, mtihani wa viza umeuruka. Njia hiyo ipo leo, bila katiba kuguswa. Na kuna mlango ambao Kiingereza hakiufungui: kazi za kulea wazee zilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi Julai 2025. Wakala anayeendelea kuziuza ni tapeli. Anayeelekea Ujerumani kwa uuguzi, huko wanadai B2 ya Kijerumani.

Sasa upande wa nyumbani. Rwanda mwaka 2008 iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza, walimu wengi wakiwa hawakijui. Muda si mrefu madarasa ya chini yakarudishwa Kinyarwanda, na 2019 yakageuzwa tena. Mtoto wa Lushoto anatoka na Kisambaa nyumbani, anakutana na Kiswahili darasa la kwanza. Mkimrukisha hapo hapo kwenye Kiingereza kwa mwalimu asiyekimudu, atakosa hesabu na Kiingereza chenyewe.

Halafu mahakama. Kabla ya sheria ya 2021 iliyokifanya Kiswahili lugha ya mahakama, mirathi ya nyumba ya Ngamiani ilisikilizwa kwa Kiswahili mahakama ya mwanzo, lakini rufaa ikifika Mahakama Kuu hukumu ilikuwa ikiandikwa kwa Kiingereza, na mwenye haki anamuuliza wakili kama ameshinda. Mnataka kurudi huko? Hapa Uingereza hospitali za serikali humletea mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani bila malipo, wa Kiswahili wakiwemo. Hata Mjerumani alipoishika Tanga aliwaandikia maakida, wasimamizi wake wa vijijini, kwa Kiswahili, na gazeti la Kiongozi likachapwa hapo hapo mjini.

Pesa mnayotaka itumike kubadili fomu, sheria na mihuri ingewaajiri walimu wa somo la Kiingereza wanaokizungumza kweli. Na aliye kidato cha nne asiisubiri serikali: aandike maneno 250 kwa dakika 40, saa ikiwa mezani, mara tatu kwa wiki, na ampe mtu wa kumsahihisha asiyemwonea haya. Aanze na kazi ya pili, ndipo arudi kwenye ya kwanza.