Muulize Fundi: Nichague pleti gani ya meza ya ruta?

*Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu ruta (mashine ya mbao jamani, inayozungusha kisu kuchonga kingo na mifereji, siyo ile ya intaneti), nimeanza na ndefu kuliko zote maana ndo iliyobeba maswali ya wengi.*

Shikamoo fundi. Nina ruta ile kubwa yenye mikono miwili na springi, ukiikandamiza inashuka, uzito wake kilo 5 na ushee. Nataka niigeuze niifunge chini ya meza niwe nasukuma mbao badala ya kusukuma mashine. Nimekwama kwenye pleti, lile bamba la kuishikia linalokaa kwenye tundu la ubao wa meza. Rafiki yangu anasema nikate akriliki (plastiki ngumu inayong'aa) ya mili 6 inatosha, mwingine anasema alumini, na kuna wanaosifia zile nyeusi za fenoliki. Zinatofautiana nini hasa au ni rangi tu? Na kwanini nisiifunge moja kwa moja kwenye ubao wa meza nikaokoa hela?

Marahaba. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ukilielewa hilo mengine yanajijibu.

Ubao wa meza nzuri unakuwa mnene, mili 25 na kuendelea, wengi wanagundisha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) mbili pamoja na kupiga formaika juu na chini (chini pia, ukiweka juu tu ubao utapinda). Sasa ukiifunga mashine chini ya unene huo biti (kile kisu kinachozunguka) yote inabaki imezama ndani ya ubao, juu inachungulia kidogo tu. Hapo ndo mtu anaanza ujanja wa kuivuta biti itoke nje ya koleti (kishikio chake kwenye mashine) ipate urefu, inabaki imeshikwa kwa mili 10, na mashine inazunguka mara 20,000 kwa dakika. Ikichomoka hiyo we mwenyewe unajua inaelekea wapi. Mguu wa biti (ile fimbo inayoingia kwenye koleti) ushikwe angalau mili 20, na usiuzamishe mpaka ugote chini kabisa, ukigota urudishe juu mili 2 au 3 ndo ukaze.

Kwahiyo pleti inatakiwa iwe nyembamba ili biti itokeze, lakini wakati huohuo iwe ngumu ibebe kilo 5 zinazoning'inia usiku na mchana bila kubonyea katikati. Mambo mawili yanayogombana hayo, na ugomvi wao unaamuliwa na material.

Akriliki nimeitumia mwenyewe, kwahiyo nisikilize vizuri. Pleti yangu ya kwanza ilikuwa kipande cha akriliki mili 6 kilichobaki kwenye kazi nyingine, kimeng'aa, kinapendeza, nikawa naona nimepatia maisha. Mwezi wa kwanza hakuna shida. Baadaye fremu za milango ya kabati zikaanza kutokukutana, mti mrefu wa pembeni na mti mfupi wa juu vikiungana kimoja kimepanda kimoja kimeshuka, nusu mili hivi, unapitisha kidole unaisikia ngazi. Nikalaumu biti nikanunua nyingine. Nikalaumu mbao kwamba mbichi. Nikavua fensi (ule ukingo wa kuegemezea mbao) nikaifunga upya. Wiki mbili nzima nahangaika mpaka siku moja nimeegesha rula ya chuma juu ya meza kwa bahati tu, nikaona mwanga unapita chini yake katikati ya pleti.

Ilikuwa imebonyea kama sahani. Mti mrefu ulikuwa unalala juu ya bonde kama daraja, mfupi unazama ndani ya bonde, kwahiyo biti ileile inakata kwa kimo tofauti. Na plastiki haibonyei tu wakati wa kazi, uzito ukining'inia muda mrefu inajipinda taratibu hata mashine ikiwa imezimwa na ukiitoa hairudi yote. Polikaboneti (plastiki nyingine) ndo usiseme, ile haivunjiki kirahisi kweli lakini inapinda kuliko hata akriliki.

Alumini kwa unene uleule ni ngumu kama mara 20 ya akriliki. Na unene wenyewe una hesabu yake, ugumu wa bamba unapanda kwa unene ukizidishwa wenyewe mara tatu, yaani ukitoka mili 6 kwenda mili 9.5 umepata karibu mara 4, siyo mara moja na nusu kama macho yanavyodanganya. Ndo maana pleti za fenoliki, ambazo ni karatasi au kitambaa kilichoshindiliwa na resini, kwa kawaida zinatengenezwa mili 9.5, maana fenoliki ni ngumu kuliko akriliki lakini haifiki kwenye alumini.

Kasoro zao: alumini kavu, isiyopakwa ile rangi ngumu ya kiwandani, inaacha alama za kijivu kwenye mbao nyeupe, utaipaka nta lakini kuna siku utasahau. Fenoliki haiachi alama, inateleza vizuri, na inatobolewa na drili ya kawaida bila kelele. Chuma ni kigumu kuliko zote ila kinashika kutu na kukitoboa ni adhabu.

Kwa mashine yako ya kilo 5 na ushee, kama itakaa hapo moja kwa moja, ningechukua alumini ya mili 9 au 10. Kama utakuwa unaitoa kila mara ukafanyie kazi ya mkononi, na matundu utatoboa mwenyewe, fenoliki ya mili 9.5 haitakuangusha. Alumini ya mili 6 inafaa pia pleti ikiwa ndogo. Akriliki mwachie rafiki yako.

Lakini hata ukishachagua material bado hujamaliza, kwasababu nimeona pleti za bei mbaya zimetoka kiwandani zimepinda. Nenda dukani na rula ya chuma iliyonyooka (kuijua kama imenyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena palepale, mistari ikiachana katikati hiyo siyo rula). Iweke kwenye pleti kona kwa kona, kote kuwili, halafu jaribu kupitisha karatasi ya kawaida ya printa chini yake katikati. Karatasi hiyo ina unene wa kama 0.1 ya mili. Isipopita kabisa, pleti iko safi. Ikipita moja kwa kubanwa mimi naivumilia, zikipita mbili au tatu irudishe kwenye shelfu. Ikiwa imevimba katikati kidogo sana usiogope, hiyo afadhali, mashine ikining'inia itaivuta chini kidogo, na hata isipovuta mbao bado inagusa palepale kwenye biti. Bonde ndo baya.

Mambo mengine mawili ya kuangalia kabla hujatoa hela. Tundu la katikati pamoja na ringi zake: unataka ringi za ukubwa mbalimbali ili tundu lizidi biti kidogo tu, mbao fupi isidumbukie. Ukitegemea siku moja kutumia biti kubwa za paneli za mlango, zile za mili 80 au 90, hakikisha zinapita kwenye pleti na pia kwenye tundu la kitako (bamba la chini) cha ruta yenyewe, wengi wanasahau hilo la pili. Halafu saizi: pleti nyingi za Marekani ni mili 235 kwa 298, lakini siyo zote, na kona zake zina mviringo tofauti, kwahiyo nunua pleti kwanza ndo ukate meza, usikate meza kwa vipimo vya kusikia.

Fundi habari. Nimenunua pleti isiyo na matundu ya skrubu, nimetoboa kwa kufuata kile kitako cha plastiki cha ruta yangu, lakini matundu matatu yamekubali moja limegoma. Nilipima mara mbili, nimekosea wapi?

Pole sana, na usijilaumu, hilo linawapata hata wakongwe. Umetoboa picha ya kwenye kioo. Matundu ya ruta nyingi hayajapangwa sawa kwa sawa, ukikilaza kitako kifudifudi wakati kilitakiwa kilale chali, mpangilio unageuka kushoto kulia. Kumbuka tu uso wa kitako unaogusa mbao ndo uso wa juu wa pleti. Kwahiyo kitako kinalala juu ya pleti, uso unaogusa mbao ukiangalia juu, unaona vishimo vya vichwa vya skrubu, unakibana na gundi ya tepu ya pande mbili, unatoboa kutokea juu.

Tundu lililogoma liache, toboa jipya pembeni kama kuna nafasi, au zungusha mpangilio wote nyuzi kadhaa uanze upya. Ukizungusha tumia nafasi hiyo kufikiria swichi itaangalia wapi, isije ikaangukia nyuma ya mguu wa meza, siku ya hatari utaitafuta kwa kupapasa.

Na skrubu zilizokuja na ruta zitakuwa fupi maana pleti ni nene kuliko kile kitako. Chukua moja nenda nayo dukani utafute za uzi uleule, ndefu kwa ile tofauti ya unene tu. Ndefu kupita kiasi inagota ndani, kichwa unakiona kimekaza kumbe mashine inacheza. Vichwa vizame chini ya uso wa pleti kidogo, kama nusu mili.

Pleti yangu imekaa chini ya usawa wa uso wa meza kama mili moja, mbao inajikwaa ikitoka. Nimeweka vipande vya karatasi vya kuinulia lakini vinahama. Kuna njia ya kudumu?

Ipo na rahisi. Kwenye ile ngazi ya mbao inayokaliwa na pleti, toboa matundu kwenye kona nne na moja katikati ya kila upande mrefu, weka skrubu ndogo ndani yake, pleti ikalie vichwa vya hizo skrubu badala ya kukalia MDF. Ukitaka ipande unazilegeza kidogo, ishuke unazikaza. Pima kwa rula ukivuka mpaka wa meza na pleti pande zote nne.

Tahadhari moja, kama pleti yako ina skrubu za kuishikilia isiruke, zikaze kwa vidole na robo mzunguko basi. Nimeona mtu amezikaza kwa nguvu zote kona zikashuka katikati ikapanda, halafu analalamika pleti imepinda. Ringi pia ipime, ikiwa juu ya pleti hata kwa unene wa kucha mbao itajikwaa palepale kwenye biti, mahali pabaya kuliko pote.

Mimi nina katrima (karuta kadogo ka mkono mmoja) ka kilo 2, nako kanahitaji pleti ya alumini?

Hapana. Hako fenoliki au hata plaiwudi nzuri ya mili 9 inakabeba. Ila usikafunge biti kubwa, koleti yake ndogo na nguvu haina.

Fundi, juzi ruta ya mezani imeninyang'anya mbao mkononi ikarushwa ukutani. Sikuumia ila sasa naiogopa. Ni pleti imelegea au nini?

Mungu mkubwa. Pleti iangalie, ila kwa ulivyoeleza kwenye barua yako (nimeikata kwa ajili ya nafasi) ulikuwa unapitisha mbao katikati ya biti na fensi ili uipunguze upana. Hilo ndo kosa. Ruta ikigeuzwa chini ya meza, ukiangalia toka juu biti inazunguka kinyume na saa, kwahiyo mbao inaegemea fensi na inatoka kulia kwenda kushoto, biti ikipingana na mkono wako. Ukiipitisha katikati meno ya biti yanakamata upande wa pili wa mbao, na upande huo yanazunguka kwa mwelekeo uleule unaosukuma, yanaivuta yenyewe. Biti ikae ndani ya fensi, itokeze kile inachokata tu.

Kwa mbao za mzunguko ambazo hazitumii fensi, tafuta pleti yenye tundu la pini ya kuanzia karibu na biti. Unaegemeza mbao kwenye pini kwanza, unaiingiza taratibu mpaka iguse beringi ya biti (kigurudumu chake kinachofuata ukingo wa mbao), ndo unaendelea. Nilipaswa kuitaja kule kwa yule wa kwanza, pleti isiyo na tundu la pini inakunyima kazi zote za mapindo.

Na spidi umesema unaiacha juu kabisa kwa biti zote. Biti mpaka mili 25 sawa, hata 24,000. Kuanzia mili 30 mpaka 50 shusha kwenye 18,000, na zile za paneli za mili 80 ni 12,000 au chini ya hapo. Ruta yako kama haina kirekebisha spidi, hizo kubwa usizifunge kabisa.